Madanzi, Sukari na Sufuria ya Misiba

Nilihitimu shahada ya mipango, na tangu siku hiyo sijawahi kuwa na mpango. Nilirudi kwa wazazi wangu Same mjini, nikakaa sebuleni nikisubiri majibu ya maombi ya kazi, macho kwenye simu kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mama alipita na ufagio, nikainua miguu. Baba alipita na gazeti, nikaishusha. Mwishowe Baba akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha amua, "Panda Mamba, kule milimani, ukakae na bibi yako. Hewa ya kule itakufaa."

Hewa ya Mamba ni nzuri kweli. Ndiyo maana kila kijana aliyeweza kuihama ameihama.

Bibi ni mama yake Baba, na anaishi juu kabisa, kwenye kilima ambacho bodaboda hukipanda huku abiria akitubu. Nyumba ya pili ni ya baba mdogo, ambaye analima tangawizi. Nasema analima tangawizi kama ningesema samaki anaogelea. Ameipanda kila penye udongo: nyuma ya choo, kandokando ya njia, kuzunguka zizi la ng'ombe, mpaka kwenye kona ambazo jembe huingia upande tu. Kwa Bibi palikuwa pamebaki uwanja mdogo wa mbele, na palibaki kwa sababu katikati yake pamesimama mdanzi.

Danzi, kwa asiyelijua, ni chungwa lenye kinyongo. Kwa nje limependeza, limeiva, linang'aa. Ukiliuma unajuta kuzaliwa na ulimi. Bibi alikuja na mti ule siku aliyoolewa, ukiwa mche ndani ya kopo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini katika miche yote ya dunia alichagua huo. Hakuna aliyekula matunda yake. Kuku walilala kwenye matawi yake, watoto waliyapiga mateke madanzi yaliyoanguka, na asubuhi Bibi aliweka kigoda chake chini yake akachambua maharage.

Siku chache baada ya kufika kwangu, baba mdogo alisimama uwanjani, mikono kiunoni, akautazama ule mti kama afisa ardhi.

"Mama, mti huu unakula shamba bure."

"Na wewe unakula shamba la nani?" Bibi akauliza bila kuinua macho kwenye maharage.

"Nasema ukweli. Kivuli chote hiki! Hapa ingekaa tangawizi ya maana. Mti usioliwa ni kuni. Nionyesheni mtu mmoja, mmoja tu, anayekula madanzi, nitauacha."

Hakuna aliyejitokeza. Akasema anashuka Same na mzigo wa tangawizi, na akirudi atarudi na fundi wa msumeno wa injini.

Bibi aliinuka, akakisogeza kigoda chake karibu zaidi na shina, akakaa tena. Mtu mwenye akili za kawaida asingeona kitu pale. Mimi nilikiona kile kigoda, nikakiwaza mpaka uji wangu ukashika ngozi juu. Kwa nini amesogea? Anaaga? Analinda? Ni jua tu? Nilipomaliza kuwaza nilikuwa nimeshajipa kazi ya kuuokoa mti ule, jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Labda niongeze kwamba tangu nihitimu sikuwa nimeshinda kitu chochote, na mti ulionekana mpinzani wa saizi yangu.

Mtandao kule unapatikana juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa. Nilisimama juu yake nikiwa nimeinua simu kama mtu anayetoa sadaka ya shukrani, na huko ndiko nilikojifunza kwamba kuna watu duniani wanaopika maganda ya madanzi kwa sukari, wakayapaka kwenye mkate, wakayala asubuhi kwa hiari yao. Inaitwa mamaledi. Ni jamu, ila jamu yenye msimamo. Nilisoma mapishi mengi na yote yalipingana. Moja lilisema maganda yalale kwenye maji usiku kucha, lingine likasema yasilale kabisa. Moja lilidai kipimajoto. Nilisoma yote mpaka chaji ikaisha, kisha nikateremka kumweleza Bibi.

"Unataka kupika maganda," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na ndani tunatupa."

"Hapana, ndani tunakamua maji yake. Mbegu tunazifunga kwenye kitambaa cheupe tunazichemsha humo humo. Ndizo zinazogandisha."

"Chuo ndiko walikokufundisha hayo, mume wangu?"

"Hapana, Bibi. Simu."

"Afadhali. Nilidhani ndiko ada ilikokwenda."

Lakini alinyoosha kidole kwenye matawi ya juu, akasema yale ya huko ndiyo yenye maganda manene. Nikaichukua hiyo kuwa baraka.

Nilikubaliana na nafsi yangu kwamba baba mdogo asijue chochote mpaka jamu iwe tayari ndani ya chupa. Baba mdogo ana kicheko ambacho huanzia kwake na kuishia mtaa wa pili, na mtu wa hali yangu hakihitaji.

Siku iliyofuata nilikwenda dukani kununua sukari. Madanzi yalikuwa mengi, na mapishi, katika ugomvi wao wote, yalikubaliana jambo moja tu: sukari iwe nyingi. Nikaagiza ya kujaza ndoo. Mwenye duka, mzee mmoja mpole anayependa kusikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya kusikika bondeni, alinitazama, akaitazama ndoo, kisha akanyoosha mkono akazima redio.

"Na kitambaa cheupe," nikasema. "Kipande tu."

Akakipima na kukikata bila kuniangalia usoni. Kisha akaweka juu ya ndoo pakiti ya majani ya chai na kiberiti. Nilipotaka kulipia, akatikisa kichwa. "Chukua tu, kijana wangu. Tuko pamoja."

Nilitoka pale nikiwaza, hatimaye, mtu anayethamini wasomi.

Napaswa kusema kitu kuhusu uso wangu. Uso wangu wa kawaida, ninapokwenda dukani, ninapokula wali, ninapopigwa picha kwenye mahafali, ni uso wa mtu ambaye amepokea simu mbaya. Nimezaliwa nao. Kwa siku za kawaida hauna madhara makubwa.

Tatizo lililobaki lilikuwa chombo. Sufuria za Bibi ni za mtu anayekula peke yake. Lakini kikundi cha akina mama kina sufuria kubwa, zinazotunzwa na mama mmoja kwenye kilima cha pili, na kila mtu anajua zinatoka lini: harusi na misiba. Harusi kwetu hutangazwa kanisani, hufanyiwa vikao, huchangiwa mpaka watu wanaanza kupitia njia za nyuma. Kwa hiyo sufuria ikiombwa ghafla, siku ya kazi, na kijana mwenye uso kama wangu... Mimi niliyewaza juu ya kigoda, juu ya kipimajoto, juu ya uwezekano kwamba mbegu za danzi zina sumu, hilo moja halikunijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Naomba sufuria kubwa."

Alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ukasimama. "Ile ya chai au ile ya wali?"

"Kubwa kuliko zote."

Akaweka ungo chini, taratibu. "Baba yako mdogo ana habari?"

"Hapana, bado yuko Same. Na naomba asiambiwe kwanza. Nitamwambia mwenyewe akirudi, kidogo kidogo. Unamjua alivyo."

"Namjua," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Lakini mwanangu, jambo kama hili huliwezi peke yako."

"Nitajitahidi. Nimesoma hatua zote."

"Hatua?"

"Kwenye simu."

Akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Niliona kabisa kwamba analia, msidhani mimi ni kipofu. Nililichambua jambo hilo kwa haraka na kwa utaalamu, nikahitimisha kwamba anaogopea sufuria yake. Nikamwahidi kwamba nitaisugua kwa majivu mpaka ing'ae. Akalia zaidi.

Asubuhi yake Bibi aliamka mapema akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi niliwasha moto uwanjani kwa mafiga ya mawe makubwa, nikabandika ile sufuria, moshi ukapanda juu ya kilima kama tangazo. Nilikaa chini na kisu na beseni la madanzi, nikaanza kukata maganda. Picha kwenye simu zilionyesha vipande vyembamba vilivyolingana kama njiti. Vyangu vililingana kama ndugu wa mama mbalimbali. Maji ya danzi yaliingia kwenye kila mkwaruzo wa vidole vyangu, na mingine sikujua kama ninayo.

Ndipo nikaona wanawake wanakuja kwenye njia, mmoja nyuma ya mwingine, wamefunga kanga kiunoni. Wengine wana mizigo ya kuni kichwani, wengine mikungu ya ndizi. Hawaongei. Anayewajua akina mama wa kilima chetu atanielewa nikisema kwamba hilo la kutoongea ndilo lililonitisha. Wakaweka kuni chini karibu na moto, wakaweka ndizi, wakaketi kwenye majani chini ya mdanzi. Mama wa sufuria alikuwa mbele. Mmoja wao akaanzisha wimbo, kwa sauti ya chini.

Nilisimama na kisu mkononi. Nikawaza: kuna mtu amekufa. Nikawaza: ni nani, mbona wamekuja hapa? Nikawaza: Baba. Wamepiga simu kutoka Same, mimi simu yangu haina mtandao, wakapiga kwa majirani. Ndiyo maana hawanitazami. Ndiyo maana jana yule mama alilia. Ndiyo maana mwenye duka alinipa majani ya chai! Kila kitu kikakaa mahali pake kwa mpangilio mzuri kuliko utafiti wangu wa chuo, nami nikaangua kilio.

Wao walipoona nalia, ndiyo kwanza wakathibitisha. Wakanyanyuka wote, wakanizunguka, wakanishika. Mama wa sufuria akanikumbatia, mimi nikimlilia baba yangu ambaye wakati huo, nilikuja kuambiwa, alikuwa kwa kinyozi Same ananyolewa ndevu, na yeye akimlilia bibi yangu ambaye wakati huo alikuwa anapanda njia ya nyuma.

Bibi akatokea pembeni ya nyumba, mzigo wa majani kichwani, panga mkononi. Akatuona. Akasimama.

"Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika kama waya. Mama mmoja akasema "Yesu wangu!" akakaa chini bila kuangalia anakalia nini. Mimi nikasema, "Baba, Bibi, ni Baba." Mama wa sufuria akaniachia, akanitazama, akasema, "Baba gani tena?"

"Nimeuliza nani amekufa," Bibi akarudia, na mzigo bado uko kichwani.

Yule aliyekaa chini akasema, "Mama, tulikuja... tulikuletea kuni."

"Kuni zote hizi?"

"Na ndizi."

"Na wimbo?"

Mama mmoja akaanza kuzihesabu ndizi.

"Huo ulikuwa wa kuzikia. Naujua, nimeuimba kwa wengi."

"Tulikuwa tumeuanza tu, mama."

Bibi akautua mzigo, akajifuta uso, akakivuta kigoda chake. "Basi umalizieni. Nikae nisikie mlivyoniandalia. Halafu niwaambie pa kurekebisha."

Ndipo mama wa sufuria alipocheka, kicheko chenye machozi bado, na wengine wakafuata, na ikawa zamu yangu kuelezwa mimi ni nani. "Sukari ya ndoo!" mmoja akasema. "Na kitambaa cheupe! Wewe kijana, kwa ndoo ya sukari na kitambaa cheupe ulitaka tuelewe nini?"

"Kitambaa ni cha kufungia mbegu."

"Mbegu za nini?"

"Za madanzi. Napika jamu."

Wakageuka wote wakatazama beseni. Wakatazama mti. Wakamtazama Bibi, kama wanaotaka kujua hali hii ilianza lini.

"Jana kaniambia nisimwambie baba yake mdogo," mama wa sufuria akasema. "Anasema atamwambia kidogo kidogo! Mimi ningenyamazaje? Nikampigia simu."

"Ukamwambia nini?" Bibi akauliza.

"Nilimwambia... njoo nyumbani, mama yako. Basi. Mengine akamalizia mwenyewe."

Mtu aliyekwisha panda kilima na kuni kichwani hashuki hivi hivi. Akina mama wakaomba visu. Wakakata maganda, kila mmoja kwa unene wa moyo wake, wengine membamba kama kisamvu, wengine kama mihogo ya kukaanga. Nilijaribu kusema kitu kuhusu kulinganisha vipande. "Kaa chini, baba, umelia sana leo," nikaambiwa. Maganda yakachemshwa, maji machungu yakamwagwa, yakachemshwa tena mpaka yakalainika. Mbegu zikaingia ndani ya kitambaa chao cha msiba. Sukari ilimiminwa kwa jicho, na jicho lilikuwa la ukarimu. Ulizuka mjadala mkali kama tutie tangawizi. Hakuna aliyejua anachofanya, nikiwemo mimi, na wao angalau hawakujali.

Tukasikia pikipiki kutoka chini, inapanda kwa hasira. Baba mdogo alishuka kabla haijasimama. Dereva alikuwa fundi mwenyewe, na msumeno wake umefungwa nyuma kwa mpira. Baba mdogo alikuja mbio, kofia mkononi. Aliona moshi, akaona sufuria, akaona akina mama chini ya mti, akasema "Mama!" kwa sauti ambayo sikujua anayo. Ilikuwa sauti ya mtoto. Akapita katikati yetu, akampita Bibi mwenyewe aliyekuwa ameshika danzi na kisu, akaingia ndani.

Tulisikia mlango wa chumba. Kisha akatoka.

"Mmempeleka wapi?"

"Niko huku," Bibi akasema. "Nakata maganda."

Baba mdogo akakaa palepale alipokuwa, na palepale palikuwa tangawizi yake.

Bibi aliyaona macho yake mekundu. "Umenililia?"

"Ni vumbi. Barabara ya huko chini."

"Vumbi la mwaka huu limezidi," mama mmoja akasema kwa wenzake.

"Na huyu?" Bibi akaelekeza kisu kwa fundi. "Amekuja na msumeno kunizika?"

"Shikamoo, bibi," fundi akasema, amevua kofia, anatamani pikipiki yake. "Mimi niliitwa kwa ajili ya mti. Halafu hii simu ikaja. Nikamwambia kaka, twende tu, huenda zikahitajika mbao za sanduku."

"Marahaba. Mti gani?"

Fundi alitazama juu, kwenye matawi, na sisi wote tukatazama juu.

Bibi akaweka kisu chini. "Hebu nisaidie, mwanangu," akamwambia baba mdogo. "Leo nimekufa. Watu wamekuja. Wamekaa wapi?"

Baba mdogo akatazama kando.

"Sema tu."

"Chini ya mti."

"Ungekuwa umeshaukata, wangekaa wapi?"

Akina mama wakamjibia.

"Tungekaa kwenye tangawizi."

"Tungepata wapi pengine?"

"Na tuko wengi, baba. Hapa ni jirani wa karibu tu. Bado wifi zake wa kule Ngujini, bado wa Same."

"Na matanga si ya siku moja."

Baba mdogo aligeuza kichwa, akatazama tangawizi yake, mstari kwa mstari, na mimi niliona kabisa anachokiona: kilima kizima kimekuja kumlilia mama yake, kimekaa, kimenyoosha miguu.

"Basi," akasema.

"Basi nini?"

"Basi ubaki."

Nami nilikuwa nimeandaa hoja. Nilikuwa na hoja ya lishe, hoja ya soko, hoja ya watalii wanaopita barabara kuu wakitafuta kitu cha kununua. Nilikuwa na jina la jamu na rangi ya lebo. Nilikaa nazo zote palepale kwenye beseni, pamoja na mbegu.

Fundi, kwa kuwa alikuwa ameshapanda mlima, aliruhusiwa kukata tawi moja kavu lililokuwa linamtisha kuku. Tukalitia chini ya sufuria, na ndilo lililoivisha jamu. Mapishi yalisema jamu ipimwe kwa kuidondosha kwenye sahani ya baridi, kwa hiyo nilikuwa nakimbia na sahani mpaka kwenye mfereji unaotoka ndiva, bwawa letu la kumwagilia, naipoza, narudi mbio, tone linateleza, nakimbia tena. Akina mama walianza kunishangilia kila nilipopita. Mwishowe tone liligoma kuteleza, au mimi niligoma kukimbia, sikumbuki ni lipi lilitangulia.

Ilitoka nyekundu ya kahawia, nzito upande mmoja na majimaji upande mwingine, yenye uchungu unaokuja baadaye, ukishadhani umesalimika. Akina mama walionja kwa ncha ya kidole. Mmoja akasema ni dawa nzuri ya kikohozi. Mwingine akasema ina ladha ya kitu, akashindwa kusema kitu gani. Wote walibeba, kwenye chupa za siagi ya karanga na vikombe vya bati, maana mtu haondoki msibani mikono mitupu, hata msiba ukiwa hauna marehemu.

Fundi wa msumeno alipewa ndizi za kuchemsha. Akachota jamu, akapaka, akala. Akachota tena. Kisha, mbele ya macho yangu, akauliza kama ipo nyingine.

"Baba mdogo!" nikaita. "Umeona? Ulisema mtu mmoja tu. Huyu hapa, anakula madanzi!"

Baba mdogo alikuwa anainua tangawizi aliyoikalia, anairudishia udongo kwa kidole. "Madanzi gani?" akasema.

Nilirudisha sufuria ikiwa inang'aa kama nilivyoahidi. Mama wa sufuria aliikagua ndani na nje, akaniambia siku nyingine nikiomba chombo nianze kwa kucheka kidogo. Kwa mwenye duka nilirudisha pakiti ya majani ya chai, akaipokea bila aibu yoyote, akaongeza sauti ya redio.

Baba mdogo hakuzungumzia tena ule mti. Ila asubuhi moja alikuja na mbao na nyundo, akaanza kugonga chini yake, nami nikaamka nikiwaza mabaya yote yanayoweza kugongwa. Alikuwa anatengeneza benchi. Refu, la miguu mingi, la kukalisha watu. Bibi akamuuliza ni la nini. Akasema, bila kumtazama, kwamba ni la siku ile itakapofika, ili watu wasije wakatawanyika kwenye tangawizi.

Bibi akalizunguka, akalibonyeza kwa mkono, akaketi katikati, ungo wa maharage mapajani. Anaketi hapo kila asubuhi mpaka leo. Ukimuuliza, anasema analijaribu.